Printa inawaka, lakini kompyuta inasema haiijui

Swali: Fundi, habari ya kazi? Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nakaa Lanet hapa Nakuru. Nyumbani nina kompyuta ya mezani yenye Windows 11 na printa ya tangi, ile ya kutia wino kwa chupa. Haina waifai, ni ya kebo tu. Wiki mbili zilizopita mvua ilinyesha usiku, stima ikapotea, ikarudi, ikapotea tena, nami nilikuwa katikati ya kutoa karatasi za mtihani. Tangu siku hiyo kompyuta haiitambui printa. Taa ya printa inawaka vizuri. Nimechomoa na kuchomeka kebo kila tundu mpaka nimechoka. Kijana wangu aliingia kwenye mipangilio akaona jina la printa mara mbili, la pili lina "Copy 1" mwishoni, na yote mawili yamefifia. Nilimpigia fundi mmoja wa mjini, akaniambia kwa simu kwamba bodi imeungua, niipeleke na shilingi elfu saba. Mitihani ya kufungua muhula inaningoja. Nimpe?

Jibu: Mwalimu, usimpe bado. Huenda fundi huyo yuko sahihi, maana stima ya kupotea na kurudi huunguza bodi kweli, na nimezishika kadhaa zilizoungua. Lakini daktari hapimi malaria kwa simu. Tena wewe mwenyewe umeniandikia jambo moja ambalo linanifanya nimtilie shaka, nalo ni hilo jina la pili.

Windows haiandiki "Copy 1" kwa kubahatisha. Jina hilo huzaliwa printa inapojitambulisha kwa kompyuta kupitia kebo, ikataja kampuni iliyoiunda na modeli yake, kisha kompyuta ikadhani imeletewa printa nyingine ya aina ileile. Mara nyingi hutokea ukihamisha kebo kutoka tundu moja la USB hadi jingine. Kuna printa ambazo zikijitambulisha hutaja pia namba yao ya kipekee, kwa hiyo hata ukizihamisha hujulikana ni zilezile. Zisizotaja namba huhesabiwa kuwa wageni kila zinapobisha kwenye mlango mwingine. Sasa wewe umejaribu kila tundu. Kama "Copy 1" haikuwepo kabla ya usiku wa mvua, basi printa yako imezungumza na kompyuta baada ya stima kurudi, na maiti habishi hodi. Muulize kijana wako kama anakumbuka kuliona jina hilo zamani. Likiwa la zamani, hoja yangu inapungua nguvu, ila vipimo vipo na havihitaji bisibisi.

Anza na printa peke yake. Chomoa kebo ya USB kabisa, weka karatasi yoyote iliyoandikwa juu ya kioo, funika, bonyeza kitufe cha kutoa kopi. Kopi ikitoka, umeshajua mengi: umeme unaingia, mota zinazunguka, wino unashuka, na sehemu kubwa ya bodi iko hai. Kinachobaki kutiliwa shaka ni ile sehemu ndogo ya bodi inayoshughulikia USB, kebo yenyewe, tundu la kompyuta, na programu. Hiki ni kipimo cha dakika moja. Fundi anayetaja bei ya bodi kabla ya kukuuliza kama kopi inatoka hajaanza kazi.

Kopi isipotoka na taa zinapepesa, hilo ni tatizo jingine, usihangaike na kompyuta. Angalia kama karatasi imekwama, stima ilipopotea kichwa cha wino kikiwa kati ya safari. Kopi ikitoka, endelea.

Sasa toa umeme wote, na ninaposema wote nina maana ya ukutani. Kitufe cha kuzima hakitoshi. Zima printa na kompyuta, chomoa nyaya za umeme za zote mbili, kisha bonyeza na ushikilie kitufe cha kuwashia cha kila moja kwa nusu dakika hivi, ili chaji iliyobaki ndani iishe. Tundu la USB likipata mshtuko, mara nyingine kompyuta hulizima ili kujilinda, na halifunguki mpaka umeme utoke kabisa. Ziache zikae dakika tano, umalizie chai. Ukirudisha, chomeka printa moja kwa moja ukutani, usiipitishe kwenye ile eksitensheni iliyobeba televisheni na chaja za simu.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hawalijui. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibofya "Shut down" kompyuta nyingi hazizimiki kikamilifu. Huhifadhi hali ya mfumo kwenye diski ili kesho ziwake haraka, na pamoja na hali hiyo huhifadhi ule mkanganyiko uliokuwepo. Ndiyo maana mtu huniambia amezima na kuwasha mara kumi bila mafanikio, na mimi namwamini. Bofya "Restart" badala yake. Hiyo ndiyo huanza upya kweli.

Baada ya hapo rudisha kebo kwenye tundu lilelile ililokuwa ikitumia kabla ya mvua, kama unalikumbuka. Inawezekana majina yote mawili yamefifia kwa sababu kila jina limefungwa kwenye mlango wake, na leo kebo iko mlango wa tatu. Ukirudi mlango wa zamani, jina la zamani huamka. Nimewahi kupanda matatu hadi Bahati kwa kazi iliyoishia hapo, nikaona haya kudai hata nauli.

Hukumbuki tundu? Tumia lolote lililo nyuma ya lile sanduku ambalo sisi sote huliita CPU, si yale ya mbele. Ya nyuma yako kwenye bodi yenyewe, ya mbele hufika kwa vijiwaya vya ndani ambavyo hulegea. Usipitishe kwenye kigawanyaji cha USB. Kisha, printa ikiwa imewashwa, chomeka kebo huku umetega sikio, spika ikiwa na sauti.

Hapa kuna matokeo matatu, na kila moja lina njia yake. Ukisikia ule mlio wa kawaida wa noti mbili zinazopanda, kompyuta imeisikia printa, na shida iliyobaki ni ya programu. Ukisikia milio mitatu mifupi ya kukataa, au ujumbe utokee pembeni kwamba kifaa cha USB hakikutambuliwa, basi mazungumzo yameanza yakakatika. Ukibofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya, ukafungua "Device Manager", utaona kimeandikwa "Unknown USB Device" na alama ya njano. Hapo shuku kebo kwanza, tundu pili, bodi ya printa mwisho. Na ukisikia kimya kitupu, kompyuta haijui kabisa kwamba umechomeka kitu.

Kwa hali hizo mbili za mwisho, badilisha kebo kabla ya kufanya lolote jingine. Ni ile yenye kichwa bapa upande mmoja na kichwa cha mraba kama kibanda upande wa printa. Azima ya jirani au ya ofisini kwa mwalimu mkuu, na ukinunua ni kitu cha mia chache. Chukua fupi, mita moja na nusu inatosha. Kikomo cha USB za aina hii ni mita 5, na zile ndefu za bei ya kutupa huanza kusumbua hata kabla ya kufika hapo.

Nalisisitiza hili la kebo kwa sababu liliwahi kuniaibisha. Niliitwa Njoro nyumbani kwa mama mmoja, printa haitambuliki, nami nikajifanya bingwa wa programu. Nilikaa saa mbili nikifuta na kuweka upya, chai ikaletwa mara mbili. Mama alipokuja kufagia nyuma ya kabati ndipo akaniuliza, "Fundi, na hii iliyotafunwa ni ya nini?" Panya alikuwa ameila kebo mpaka nyuzi zinaonekana. Tangu siku hiyo huanza kwa kuipitisha kebo yote mkononi, kutoka ncha hadi ncha.

Tuseme sasa umesikia noti mbili, printa inaonekana, lakini karatasi haitoki. Mwalimu, hapa ndipo nadhani utafika, kwa sababu stima ilipotea ukiwa katikati ya kazi. Ule mtihani ulioukatiza bado uko kwenye foleni. Foleni ya printa ni kama steji ya matatu: gari la mbele likizimika pale mlangoni, hata kama nyuma kuna magari kumi mazima, hakuna litakalotoka. Kila "Print" uliyobofya tangu siku hiyo imejipanga nyuma ya gari bovu. Kulifuta kwa kubofya "Cancel" mara nyingi hakusaidii, hubaki limeandikwa kwamba linafutwa, siku nzima.

Lifute hivi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika services.msc, bonyeza Enter. Katika orodha ndefu itakayofunguka tafuta "Print Spooler", bofya kulia, chagua "Stop". Usilifunge dirisha hilo. Fungua folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, kompyuta itakuuliza ruhusa, mpe. Futa kila faili lililomo ndani, lakini folda yenyewe usiiguse. Rudi kwenye lile dirisha, bofya kulia tena, chagua "Start". Mitihani yako haipotei, iko salama ulikoihifadhi. Kinachofutwa ni nakala za kuchapwa tu.

Kisha tusafishe yale majina. Nenda "Settings", "Bluetooth & devices", halafu "Printers & scanners". Ukibofya jina la printa utaona "Printer properties", na ndani yake kichupo cha "Ports". Hapo utakuta vitu kama USB001 na USB002, kimoja kimewekewa alama. Hiyo ndiyo milango niliyokuwa nikiizungumzia. Unaweza kubadilisha alama ukajaribu, na wakati mwingine hiyo tu humaliza kazi. Lakini kwa printa iliyopitia mlolongo kama wako, mimi napendelea kufuta yote mawili kwa "Remove" na kuanza upya. Kabla ya kufanya hivyo, hakikisha una intaneti ya kutosha kupakua programu mpya, usije ukabaki hewani usiku.

Kufuta majina peke yake hakutoi ile programu inayoendesha printa, ambayo sisi mafundi huiita dreva. Ibakipo ikiwa imeharibika, printa ikirudi huokota uharibifu uleule. Bonyeza tena Windows na R, andika printui /s /t2, na orodha ya dreva itafunguka. Chagua ya printa yako, bofya "Remove", kubali kuondoa dreva pamoja na faili zake. Ikikataa kwa kudai inatumika, sitisha "Print Spooler" na kuianzisha tena, kisha ujaribu haraka. Baada ya hapo "Restart".

Dreva mpya ichukue kwenye tovuti ya kampuni iliyounda printa, ukiandika modeli kama ilivyo kwenye kibandiko, herufi na namba zote. Ukitafuta ovyo mtandaoni utaangukia kurasa zinazofanana na za kampuni, zenye namba ya simu na mtu mwenye sauti tamu anayetaka kuingia kwenye kompyuta yako kutoka mbali au kutaka namba ya kadi ya benki. Dreva ya printa hailipiwi. Unapoiweka, acha kebo ikiwa imechomolewa mpaka programu yenyewe ikuambie uchomeke. Ukitangulia, Windows hujipa dreva yake ya kukisia, na tutaanza tena hadithi ya majina mawili.

Ikishatoa karatasi ya majaribio, zima kile kipengele cha "Let Windows manage my default printer" kilicho chini ya orodha ya printa, kisha uifanye yako kuwa ya kwanza. Kikiwa kimewashwa, kompyuta hufuata printa uliyoitumia mwisho. Ukitoa kitu kwa "Microsoft Print to PDF" leo, kesho mtihani unaelekea kwenye PDF badala ya karatasi, nawe unadhani imeharibika tena.

Wasomaji wawili wa Kisumu, mmoja wa Milimani na mwingine wa Kondele, wameniuliza jambo kama lako, ila printa zao ni za waifai na zilipotea baada ya kubadilishiwa rauta. Kwao sitarefusha. Printa nyingi za nyumbani husikia waifai ya gigahezi 2.4 tu, wala haziioni ya 5, kwa hiyo ingia kwenye rauta uhakikishe ya 2.4 imewashwa. Usiunganishe printa kwenye waifai ya wageni, maana rauta nyingi huzuia vifaa vya humo visionane. Chapa karatasi ya hali ya mtandao kutoka kwenye printa: anwani ikianza na 169.254, printa haijapewa anwani na rauta, iunganishe upya. Njia ya mkato ninayoipenda ni kuipa rauta mpya jina na neno la siri la rauta ya zamani, herufi kwa herufi. Mara nyingi printa hurudi yenyewe kama ng'ombe anayejua zizi.

Na wenye printa za zamani, hasa zile leza ndogo ambazo ofisi zilizigawa zilipofungwa: Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, watu wakahamia Windows 11, nayo haina toleo la biti 32, yaani ule muundo wa zamani wa programu. Dreva iliyoandikwa kwa biti 32 pekee haitaingia humo hata umwite fundi gani. Printa nzima, kompyuta nzima, lugha ndiyo imepotea.

Turudi kwako, Mwalimu. Je, fundi wa mjini anaweza kuwa sahihi? Ndiyo, na nitakuambia lini. Kopi inatoka, umebadilisha kebo, umejaribu matundu ya nyuma ambayo flashi inasoma vizuri, umeipeleka printa kwa jirani mwenye laptopu, na kote huko kompyuta iko kimya kabisa. Hapo sehemu ya USB kwenye bodi imekufa, nami nitakubali. Hata hivyo, kabla ya kutoa elfu saba, ulizia bei ya printa mpya ya aina hiyo pale Kenyatta Avenue, uone kama ukarabati una faida, na mwambie fundi akurudishie bodi ya zamani mkononi. Ukiibeba, ifunge tangi vizuri na uishike ikiwa wima. Usiilaze ubavu kwenye bodaboda, wino utamwagika ndani na utakuwa umeleta ugonjwa wa pili.

Kwa siku zijazo, ngurumo ikianza chomoa umeme wa printa na kebo ya USB pia. Watu huchomoa umeme pekee, wakasahau kwamba mshtuko unaweza kupitia upande wa kompyuta. Vile vidude vya kulinda friji, vinavyosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu stima iliyorudi, vinafaa kwa printa ya wino na kompyuta vilevile, na ndivyo vingekuokoa usiku ule wa kuja na kwenda. Mwenye betri ya UPS anaweza kuchomeka kompyuta na printa ya wino, lakini leza asiithubutu. Ile huvuta umeme mwingi ghafla inapopasha joto, na UPS ndogo huzimika au huharibika.

Na mitihani isikungoje. Leo jioni ihifadhi kama PDF kwenye flashi uitoe saiba iliyo karibu. Usipeleke faili la Word. Kwenye kompyuta isiyo na fonti zako majedwali husogea, na swali la tano linaweza kukatikia ukurasa wa pili bila mchoro wake. Ukifika kwenye kimya baada ya kebo mpya, niandikie modeli ya printa na uniambie jirani aliona nini.